Maswali ya Wasomaji: Mitishamba, Hijama na Liwa Wakati wa Matibabu ya Saratani

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: mgonjwa anatibiwa saratani hospitalini, na nyumbani chupa na vifurushi vya dawa nyingine vimejaa kabatini. Tumezifupisha. Wanaojibu ni wafamasia na wauguzi wa wodi za saratani.

Assalaam aleikum. Mamangu ana saratani ya titi na ameshapata kemo mara mbili. Mashangazi wamemletea mwarobaini wa kuchemsha, majani ya mstafeli, mafuta ya habasoda na vidonge vya manjano vilivyotiwa pilipili manga. Daktari hajui. Nimpe vyote au nichague? – Binti, Kisauni

Waaleikum salaam, mwanetu. Anza kwa kumwambia daktari, na sababu yake ni ya hesabu tupu. Doksorubisini, ile dawa nyekundu wanayoanza nayo wagonjwa wengi wa titi, huondolewa mwilini na ini. Damu hupimwa kabla ya dozi. Bilirubini, kipimo kinachoonyesha hali ya ini, ikivuka 1.2 (mg/dL) dozi hukatwa nusu, ikivuka 3 hubaki robo. Sasa mama akiwa anakunywa mwarobaini kutwa mara mbili na ini likachafuka, daktari asiyejua habari za kikombe atashuku ama kemo imeliumiza ini, ama saratani imeshafika huko. Dozi itapunguzwa au kuahirishwa, na mtatumwa mkapige picha ya CT kwa gharama yenu, kumbe jibu lilikuwa jikoni.

Tukivichukua kimoja kimoja: mwarobaini wa kunywa uacheni mpaka kemo iishe. Hushusha sukari, na mafuta yake yameshawahi kuwasumisha watoto. Majani ya mstafeli nayo yaacheni, na hapa hatuna haja ya kupepesa maneno. Zile habari zinazozunguka kwenye simu kwamba yanaua saratani zimetokana na seli zilizowekwa kwenye kisahani cha maabara, na humo hata jiki ya kufulia inaua seli za saratani. Mstafeli una kemikali iitwayo anonasini, inayodhuru neva. Kisiwani Guadeloupe, ambako watu hula tunda lake na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, watafiti wameihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Ikiwa baada ya dawa nyekundu mama atawekwa kwenye paklitakseli, ambayo yenyewe hutia ganzi vidole, hamtajua ganzi imetoka wapi.

Habasoda iliyonyunyizwa kwenye mkate haina neno. Mafuta yake kwa vijiko ni jambo jingine: hushusha sukari na presha, na yanaweza kuchelewesha damu kuganda. Kama mama anatumia dawa za sukari au presha, au upasuaji uko njiani, asiyanywe. Kabla ya kisu yaachwe wiki mbili kamili. Tunajua Hadithi inayotajwa kila habasoda inapozungumzwa, kwamba ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Haikumkataza mtu tiba nyingine, na Hadithi nyingine imetuamuru tujitibu.

Manjano ya kwenye mchuzi wa samaki endeleeni nayo, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima hakimdhuru mtu. Vidonge ndivyo vyenye tatizo, hasa vyenye pilipili manga, kwa sababu pilipili hiyo hutiwa makusudi ili manjano yapenye kwa wingi kwenye damu. Utafiti uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa 2019 uliwapa wanawake waliokuwa kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, vidonge vya manjano, na kiwango cha dawa yenyewe katika damu kikashuka, zaidi pale pilipili manga ilipoongezwa. Tamoksifeni humezwa miaka mitano hadi kumi. Ukiipunguza nguvu kimyakimya hutaona dalili yoyote leo.

Nunua daftari la kurasa 32. Kila kitu mama anachotia mdomoni kisichotoka hospitalini kiandikwe: jina kwa lugha yoyote unayoijua, iwe Kigiriama au Kidigo, sehemu ya mti (jani, gome au mzizi), kipimo, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Pakiti yenyewe itie mkobani siku ya kliniki, maana jina moja laweza kuwa la miti miwili tofauti. Na mashangazi? Zawadi pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini. Wakiuliza, sema daktari ameomba aikague kwanza. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Nina umri wa miaka 61, natibiwa saratani ya utumbo mkubwa. Kichefuchefu kimenishika na kinywa kimechubuka. Tangawizi inafaa? – Mzee, Likoni

Shikamoo mzee wetu. Tangawizi ni miongoni mwa vichache vilivyopimwa vikaonekana kusaidia kichefuchefu cha kemo. Kipimo kilichofanya kazi ni nusu gramu hadi gramu moja ya unga kwa siku, yaani robo hadi nusu kijiko cha chai, ukigawa mara mbili, kuanzia siku tatu kabla ya dripu. Zaidi ya hapo hupati nafuu zaidi, unapata kiungulia. Dawa ya kutapika uliyopewa usiiache. Tangawizi ni ya kuongezea. Kama unameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au umeambiwa chembe zako za kugandisha damu zimeshuka, uliza kwanza.

Lakini kwa kinywa kilichochubuka tangawizi ni moto, na kahawa tungu pia. Chemsha maji lita moja, yakipoa tia kijiko kimoja cha chai cha bekarboneti, ile soda ya kuokea, na nusu kijiko cha chumvi. Sukutua nusu dakika na uteme, mara nne hadi sita kwa siku na kila baada ya kula. Yaliyobaki mwaga baada ya saa 24. Kosa tunaloliona kila mara ni kutia bekingi pauda badala ya bekarboneti. Makopo yanafanana na yamekaa rafu moja dukani. Jingine ni kusukutua kwa dawa ya chupa yenye spiriti, au kwa limau, ambayo hukausha na kuchoma. Mswaki wa mti upumzishe kwa sasa, nyuzi zake ni ngumu kwa ufizi unaotoka damu. Tumia brashi laini.

Barafu nayo ina siri yake. Ukidungwa fluorourasili, dawa ya kemo, ile ya kusukumwa haraka kwa sindano, kumung'unya vipande vya barafu kuanzia dakika tano kabla, kwa muda wa nusu saa, hupunguza vidonda kwa sababu mishipa ya kinywa hujikunja na dawa kidogo tu ndiyo hufika. Ila kama umepewa oksaliplatini, usiguse barafu kabisa: dawa hiyo hufanya baridi ichome kooni na vidoleni kama umeme. Wagonjwa wengi wa utumbo hupewa zote mbili pamoja. Kwa hiyo muulize muuguzi jina la kila dripu kabla hujamtuma mtu barafu.

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, wakatoa na tezi za kwapani. Sasa yuko kwenye kemo. Anataka kupigwa hijama, na kuna mama wa kumkanda kwa mafuta. – Mume, Mji wa Kale

Hijama ya kuchanja isubiri. Kuanzia takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu nyingi, chembe nyeupe huwa chini kabisa, na mchanjo wa wembe ni mlango wazi wa vijidudu. Chembe za kugandisha damu, ambazo kwa mtu mzima huwa 150,000 hadi 450,000, zikishuka chini ya 50,000 mchanjo mdogo hauachi kuvuja. Na mtu ambaye kipimo chake cha wingi wa damu (hemoglobini) ni 8 tu hana damu ya kutoa kikombeni.

Mkono wa kushoto ndio wa kuchungwa zaidi, hata kemo ikiisha. Tezi zikishatolewa, maji ya mwilini hupata taabu kurudi. Chuku au mchanjo kwenye mkono huo unaweza kuleta uambukizo na uvimbe wa kudumu. Kwa hiyo upande huo usichanjwe wala kuumikwa, maisha yake yote.

Kukandwa ni sawa na tunakushauri umruhusu, maana hupunguza wasiwasi na hulegeza misuli. Mama mkandaji aambiwe mapema: mkono mwepesi, kama wa kumpaka mtoto mafuta, asipite juu ya kovu, juu ya uvimbe wowote, wala juu ya mfupa ulioambiwa una saratani. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, asiuguse. Hilo huenda ni donge la damu, na ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wekeni kipimajoto nyumbani. Homa ya 38 katika kipindi cha kemo haingojei asubuhi wala haipewi kwanza Panadol ikaonekane kama itashuka.

Naanza mionzi ya kifua wiki ijayo. Naweza kujipaka liwa na singo ngozi isiharibike? Na hina je, kuna harusi mwezi ujao. – Bibi, Majengo

Singo hapana, bibi, si pale palipopigwa mionzi. Ngozi hiyo huwa kama imeungua jua na kusugua huichuna. Liwa nzito au mafuta mazito yasipakwe kabla ya kuingia mashineni, kwa sababu tabaka nene juu ya ngozi huifanya ngozi yenyewe ipokee mionzi zaidi. Baada ya kutoka, losheni laini isiyo na manukato inatosha. Oga maji ya vuguvugu, kausha kwa kugonga-gonga na kanga kuukuu iliyolainika, vaa dera pana bila sidiria ya waya. Zile alama za wino walizokuchora usizifute, ndizo zinazoilenga mashine.

Hina ya majani kwenye mikono haina ubaya na mionzi ya kifua. Piko ndiyo ya kukataa. Huwa na kemikali inayoweza kutoa malengelenge hata kwa aliye mzima. Na anayemeza kapesitabini, kemo ya vidonge, asijipake hina viganjani wala nyayoni: dawa hiyo huzifanya sehemu hizo ziwe nyekundu na kuchubuka, na wekundu huo wa mwanzo ndio ishara ya kumwonyesha daktari mapema. Chini ya hina hauonekani.

Nameza hiyo kapesitabini. Ramadhani nifunge? Nimesikia kufunga kunaiua saratani kwa njaa. – Msomaji, Bamburi

Hakuna ushahidi kwamba saratani hufa kwa njaa ya mgonjwa. Anayekonda ni mgonjwa. Kapesitabini humezwa asubuhi na jioni, saa 12 zikipishana, ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa kawaida siku 14 na kupumzika 7. Ukiangalia saa za huku pwani, daku na futari zinakaribia kutosha, na ndipo watu wanapojidanganya. Shida ni maji. Dawa hii huharisha, na anayeharisha akakaa bila maji zaidi ya saa 13 katika joto la Mombasa huishia kwenye dripu na figo zimechoka. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe. Siku zako za mapumziko zungumza na daktari, na habari ya fidia mwulize shehe wako. Dozi iliyokupita usiimeze maradufu.

Baba ameacha kemo. Muuzaji mmoja alimwambia dawa yake ya chupa haifanyi kazi ikichanganywa na ya hospitali. Wiki tatu sasa anakula sana, uso umejaa, maumivu yamepungua. Tumwache? – Mwana, Changamwe

Hapana. Uso uliojaa ghafla, njaa kubwa na maumivu kupungua kwa haraka ni sura ya deksamethasoni, steroidi ya bei rahisi ambayo wauzaji wasio waaminifu huichanganya kwenye dawa za "miti". Mgonjwa hujisikia mpya huku saratani ikiendelea na kazi yake, sukari ikipanda na chembe za kinga zikidhoofika.

Msimkatize ghafla hiyo chupa nyumbani. Kama kweli ni steroidi, baada ya wiki tatu mwili huwa umeacha kutengeneza ya kwake, na kukatiza kunaweza kumwangusha kwa presha ya chini na kutapika. Mpelekeni kliniki yake kesho pamoja na chupa yenyewe, hata kama imebaki matone. Ombeni apimwe sukari, presha, chumvi za damu, ini na figo, na daktari ndiye atakayepanga namna ya kushusha dawa hiyo.

Kuhusu kuacha: watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha 2018 ulinganisho wa wagonjwa wenye saratani ambayo haijasambaa. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya waliotibiwa kawaida. Kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Mwaka huohuo wakawaangalia waliochanganya, na hatari ikawa mara mbili, kwa sababu wengi wao walikuwa wamekataa sehemu fulani ya matibabu: upasuaji, kemo au mionzi. Baba akiogopa kurudi kwa kuwa atagombezwa, mmoja wenu atangulie kwa muuguzi wa kliniki asubuhi, aeleze yaliyotokea, ndipo mzee aingie.