Vipepeo wa rangi ya chungwa wamekwenda wapi?

SWALI: Miaka ya nyuma, vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa walijaa bustanini. Sasa wiki nzima hupita sijamwona hata mmoja, na maua nimepanda tele. Je, wanatoweka?

JIBU: Unayemweleza huenda ni Danaus chrysippus, aliyeenea kuanzia Afrika hadi Asia ya kusini na Australia. Kidunia hayuko hatarini. Hata hivyo spishi inaweza kushamiri kwingine huku ikimalizika mahali pamoja, kwa hiyo hofu yako si ya bure.

Kwanza hakikisha ni yeye. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, humwigiza hata wazoefu wakachanganyikiwa. Ngoja atue, utazame bawa la nyuma. Danaus jike ana vidoa vyeusi vitatu katikati ya bawa. Dume ana vinne, na hicho cha nne ni kifuko chake cha harufu. Mwigaji ana kimoja tu, karibu na ukingo wa mbele. Wapo pia Danaus wasio na ncha nyeusi kabisa, nao wahesabu.

Kuhesabu ndiko kutakakokupa jibu, maana kumbukumbu hushika siku za wingi na kusahau siku za uchache. Chagua njia moja ya kutembea kwa nusu saa, uipite kila wiki kukiwa na jua na upepo mdogo. Hesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako. Aliyetokea nyuma yako mwache, pengine umeshamhesabu. Uingereza imehesabu vipepeo wake kwa mtindo huu tangu 1976. Wengi huharibu takwimu zao kwa kuruka wiki wasizoona kitu: sufuri nayo iandikwe. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa miaka mingine, kwani msimu mmoja wa ukame hupunguza vipepeo bila kumaanisha kwamba wanaisha.

Sasa tuje kwenye maua. Maua humlisha kipepeo mzima, lakini kiwavi wake anataka majani ya mimea yenye utomvu mweupe, kama Calotropis, Gomphocarpus na Asclepias. Hiyo ndiyo hung'olewa kwanza kila mtu anaposafisha kiwanja. Bustani ya waridi tupu kwa kipepeo huyu ni hoteli isiyo na chumba cha mtoto.

Ikiwa mimea ipo, geuza majani. Yai hutagwa mojamoja, mara nyingi chini ya jani, jeupe na dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi ana milia myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Usipoona yai lolote msimu mzima, majike hawafiki. Ukiona mayai na viwavi wachanga kisha wanatoweka wote, washuku siafu, buibui, nyigu, au dawa. Lakini nusu ya mayai yasipoanguliwa usikimbilie kulaumu dawa: katika sehemu za Afrika Mashariki kuna bakteria aina ya Spiroplasma anayeua madume wangali ndani ya yai, majike wakapona.

Kuhusu dawa, neno “ya kibayolojia” lisikulaghai. Bakteria Bacillus thuringiensis wa kuulia viwavi wa kabichi huua na hawa. Hatari zaidi ni miche iliyonyweshwa dawa kitaluni: sumu hukaa ndani ya majani, na kuosha hakusaidii. Muulize muuzaji kabla ya kununua.

Panda mashina kumi hivi kwa makundi, kwani viwavi wachache hulimaliza shina moja likabaki vijiti. Majani yakikomaa, kata nusu ya mashina ili yachipue, baada ya kukagua mayai. Vaa glavu: utomvu ukiingia jichoni huumiza vibaya. Mifugo nayo isifike hapo, ni sumu kwake.

SWALI: Je, ninunue viwavi niwaachilie?

JIBU: Hapana. Pasipo mimea yao watakufa njaa. Ikiwepo, jike atafika mwenyewe; spishi hii husafiri mbali.