Kamishna wa umeme alisomea nini?

*Anayejibu maswali katika safu hii alikuwa mhasibu wa tume ya kudhibiti huduma za umma katika jimbo moja la katikati ya Marekani kwa miaka 22. Sasa amestaafu.*

Shikamoo mzee. Naishi Clarkston, Georgia. Novemba 2025 nilipiga kura kwa mara ya kwanza tangu nipate uraia, na kwenye karatasi nikakuta nafasi za makamishna wa Tume ya Huduma za Umma. Jirani akaniambia hao ndio wanaoamua bei ya umeme. Nikajua ni mafundi umeme waliobobea. Nilipofuatilia, nikakuta mfanyabiashara, mwanasiasa, mwanajeshi mstaafu, fundi sijamwona. Hivi hawa watu huwa wamesomea nini? Halafu kijana wangu anamaliza uhandisi wa umeme mwakani. Anaweza kufika huko?
*Mama wa watatu, Clarkston*

Marahaba, mama, na hongera kwa kura yako ya kwanza. Umeanza na kura ambayo wenyeji wengi huiruka.

Georgia haimdai kamishna cheti cha fani yoyote. Viti ni vitano. Kila kamishna lazima aishi kwenye wilaya yake, lakini anapigiwa kura na jimbo zima, na utaratibu huo ndio uliozua kesi iliyoahirisha chaguzi za 2022 na 2024. Ndiyo maana nafasi hizo zikakuangukia wewe mwaka 2025, mwaka usio na kura ya rais wala ya gavana. Mwanajeshi uliyemsoma ni Fitz Johnson, ambaye pia aliwahi kumiliki timu ya soka ya wanawake, Atlanta Beat. Yeye na mwenzake Tim Echols walitetea viti wakashindwa. Mmoja wa walioshinda, Peter Hubbard, ametokea upande wa utetezi wa nishati safi.

Mambo yako hivyo katika majimbo kama 10 ambako wananchi huwachagua makamishna wao. Kwenye kura hupita anayejulikana. Mfano mchungu kuliko yote ni wa Alabama. Bull Connor alianza kama mtangazaji wa mechi za besiboli redioni, akaja kuwa msimamizi wa polisi na zimamoto wa Birmingham, na ndiye aliyeachilia mbwa na mabomba ya maji juu ya watoto Weusi walioandamana kudai haki zao mwaka 1963. Mwaka uliofuata wapiga kura wakampa urais wa tume ya huduma za umma ya jimbo, na akakaa humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Umeme alikuwa akiuwasha na kuuzima tu, kama mimi na wewe.

Lakini usiniwahi kusema kura ni mbaya. Louisiana mwaka 1918 walimchagua kijana wa miaka 25, Huey Long, wakili aliyekuwa amewahi kuzunguka akiuza mafuta ya kupikia. Aliibana kampuni ya simu mpaka ikarudisha fedha za wateja, na akaifanyia kampuni kubwa ya mafuta visa visivyoisha. Baadaye akawa gavana na mengine yake yakawa ya kutisha, ila kwenye tume ile wanyonge walimwona mtu wao.

Majimbo mengi zaidi hayapigi kura. Gavana huteua na seneti ya jimbo huthibitisha, na huko utakuta mawakili wengi, waliokuwa wabunge wa jimbo, waliokuwa wasaidizi wa gavana, kisha wachumi na wahandisi wachache. Virginia bunge ndilo linalochagua, na katiba yao inataka angalau mmoja kati ya watatu awe na sifa za kuwa jaji. Mawakili kuwa wengi si ajabu, kwa sababu tume inaendeshwa nusu kama mahakama: mashahidi wanakula kiapo, wanahojiwa na upande wa pili, na kamishna haruhusiwi kuamua kwa kitu ambacho hakimo kwenye jalada. Asiyezoea hayo, uamuzi wake hubatilishwa kwenye rufaa, na kampuni inapata ilichotaka kwa mlango wa nyuma.

Mchumi naye ana nafasi yake. Alfred Kahn, profesa wa Cornell, aliongoza tume ya New York kuanzia 1974 hadi 1977, akasukuma wazo kwamba umeme wa saa za msongamano uuzwe ghali kuliko wa usiku wa manane, kwa kuwa kuuzalisha saa hizo ni ghali kweli. Leo mpango huo wa bei unauona kwenye bili za watu wengi. Wakili asingelianzisha jambo hilo. Angesubiri mtu alete shauri.

Sasa nikueleze kilichonitoa mimi ushamba, maana kwa miaka mingi niliamini kiti kile ni cha wasomi wa hesabu. Yaani cha watu kama mimi.

Tulikuwa na kamishna mmoja aliyetoka kufuga ng'ombe wa maziwa. Shule yake iliishia sekondari. Sisi vijana wa uhasibu tulimcheka chinichini, Mungu atusamehe. Ikaja kampuni moja kuomba kupandisha bei, na ndani ya ombi kulikuwa na fedha za kukata miti inayoegemea nyaya. Kampuni ilisema kila laini husafishwa mara moja kila miaka minne. Nilipewa kipengele hicho mimi. Nikakagua ankara za wakandarasi, nikalinganisha gharama kwa maili, nikajumlisha, hesabu zikakubali. Nikaandika kwamba fedha inayoombwa ni halali, nikatia sahihi.

Siku ya kusikiliza shauri, mzee yule akavua miwani akamwuliza shahidi wa kampuni: "Hii laini inayopita shambani kwangu, mara ya mwisho mliikata lini?" Shahidi akapekua makaratasi, akanong'ona na wakili wake, akapekua tena. "Miaka saba iliyopita, mheshimiwa." Mzee akasema, "Nilijua. Matawi ya pale siyo ya miaka minne." Kisha akaomba orodha ya laini zote na tarehe za kukatwa. Iliposhuka, ikaonekana wateja wamekuwa wakilipia mzunguko wa miaka minne tangu shauri lililotangulia, huku miti ikikatwa kila baada ya miaka sita au saba. Tofauti ilikuwa imeingia kwenye faida. Tume iliagiza fedha ya miti iwekwe kwenye hesabu yake peke yake, na isiyotumika irudi kwa wateja.

Mimi nilikuwa nimekagua ankara za kazi iliyofanyika. Sikuuliza kazi ambayo haikufanyika. Mfugaji aliuliza kwa sababu mti ule anapita chini yake kila asubuhi.

Hata hivyo mzee huyo huyo, tukifika kwenye kiwango cha faida ya wanahisa, alikuwa anapotea. Hapo ndipo penye fedha nzito. Chukua kampuni ambayo wanahisa wake wameweka mtaji wa dola bilioni 1. Kiwango kinachoruhusiwa siku hizi mara nyingi huangukia kati ya asilimia 9 na 10. Ukiongeza sehemu ya kumi tu ya asilimia moja, umewapa dola milioni 1 zaidi kila mwaka, na kwa kuwa mteja ndiye anayebeba pia kodi ya faida hiyo ya asilimia 21, bili zinapanda kwa karibu milioni 1.27. Nimeona makamishna wakigawanya tofauti ya nusu asilimia katikati kama watu wanaopatana bei sokoni, wakajiona wametenda haki kwa pande zote mbili. Mwenye ujuzi wa fedha angeuliza kwanza kama kampuni haikupandisha ombi lake makusudi, ikijua mtagawanya katikati.

Kwa hiyo ningekuwa na uwezo, tume ya watu watano ningeipa wakili mmoja, mtu wa fedha mmoja, mhandisi mmoja, na wawili ambao bili ikipanda wanaisikia mfukoni. Hakuna jimbo lililoniuliza.

Halafu kuna watumishi: wahasibu, wahandisi na wachumi wa tume ambao hawapigiwi kura na wala hawaondoki gavana akibadilika. Kamishna anaposoma jalada la kurasa elfu kadhaa, kwa kweli anasoma muhtasari wao. Wakiwa wachache au wamechoka, hata profesa mezani atapitisha asichokielewa. Nyie Georgia mna mfano mkubwa wa uzito wa kazi hiyo. Tume yenu iliidhinisha mwaka 2009 mitambo miwili mipya ya nyuklia ya Vogtle, iliyokadiriwa kama dola bilioni 14. Mtambo wa mwisho ulianza kazi Aprili 2024, na gharama ilikuwa imepita bilioni 30. Njiani makamishna waliletewa ripoti baada ya ripoti, na kila mara swali lilikuwa lile lile, waendelee au waachie hapo. Swali hilo linamhitaji mtu anayejua zege na mabomba, na anayejua pia kwamba fedha iliyokwisha kuzama haipaswi kukushika mkono.

Na kijana wako aanzie hapo hapo, upande wa watumishi. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya ajira za jimbo, na mhandisi kijana hupokelewa vizuri kwa sababu kampuni binafsi hulipa zaidi na wengi hukimbilia huko. Mwambie ajizoeze kuandika. Atatoa ushahidi kwa maandishi, kisha wakili wa kampuni atakaa saa nzima akimchambua sentensi kwa sentensi. Mimi mara ya kwanza nilitoka mle shati limelowa.

Jambo moja kabla sijakuacha: angalia juu ya bili yako jina la anayekuuzia umeme. Ikiwa ni ushirika wa umeme au mji wenyewe, makamishna uliowachagua hawapangi bei yako. Ikiwa ni Georgia Power, ndio wao.

Habari za kazi mzee. Shemeji yangu anasema mtu aliyewahi kufanya kazi na kampuni za umeme asiguse kabisa kiti cha ukamishna. Mimi namwambia ndiye anayejua siri zao. Nani mkweli?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Nzuri, ndugu yangu. Shemeji yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ila wote wawili mnaangalia wasifu, na mji wenu huo huo umeonyesha kwamba wasifu hausemi yote.

Ohio wana baraza maalumu linalochuja waombaji na kumpelekea gavana majina manne. Tume ina watu watano na chama kimoja hakiruhusiwi kuzidi watatu. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri kuliko wa majimbo mengi. Mwaka 2019 uliwaletea mwenyekiti Sam Randazzo, wakili wa miongo mingi katika mashauri ya nishati, aliyejulikana zaidi kwa kuwatetea viwanda vinavyonunua umeme mwingi. Ukimwangalia hivyo, alikuwa upande wa wanunuzi. Novemba 2020 wapelelezi wa FBI walipekua nyumba yake hapo Columbus, akajiuzulu. Julai 2021 kampuni ya umeme ya FirstEnergy ikakubali kulipa dola milioni 230 katika makubaliano na waendesha mashtaka, na ndani yake ikakiri kulipa dola milioni 4.3 kwa ajili yake muda mfupi kabla hajateuliwa. Yeye alikana mashtaka, na alifariki Aprili 2024 kabla kesi haijasikilizwa.

Fedha hiyo isingeonekana kwenye orodha ya shule alizosoma na ofisi alizofanyia kazi. Ingeonekana kwenye fomu ya mapato, kama mtu angeidai yote na kuisoma.

Mimi sikatai mtu wa kampuni kuja tume. Nilifanya kazi na mhandisi aliyetoka kwenye kampuni, na alikuwa anajua transfoma ipi imeandikwa mpya ilhali imepakwa rangi tu. Ninachokitazama ni safari ya kutoka. Majimbo mengi yanamzuia kamishna anayeondoka asiwatetee aliokuwa akiwasimamia kwa mwaka mmoja au miwili. Mwaka mmoja ni likizo. Mtu anaweza kuipanga kazi yake ijayo akiwa bado kwenye kiti, bila kupokea hata senti.

Mzee, nimehamia Houston. Wananiambia kuna Tume ya Reli ya Texas na wajumbe wake huchaguliwa. Wao wamesomea treni?
*Dereva wa lori, Houston*

Treni hawana kabisa, kijana wangu. Tume hiyo ilianza 1891 kwa ajili ya reli kweli, na mwenyekiti wake wa kwanza, John Reagan, aliacha useneta Washington ili aje kuiongoza. Visima vya mafuta vilipofumuka wakapewa na hivyo. Kazi ya mwisho ya reli iliondoka kwao mwaka 2005, jina likabaki kwenye mlango. Makamishna watatu wanasimamia mafuta na gesi, na sheria haiwadai wawe wajiolojia.

Umeme wa Texas uko kwenye tume nyingine, ya kuteuliwa. Baada ya baridi kali ya Februari 2021 iliyowaacha mamilioni gizani, makamishna wote watatu waliondoka ndani ya wiki chache, bunge likaongeza viti kuwa vitano na likataka kila mjumbe awe mkazi wa Texas. Kwa hiyo bili ya umeme ikikutatiza, andikia hao. Bomba la gesi likinuka mtaani, ondoka hapo kwanza, piga simu ya dharura, kisha malalamiko yako yapeleke kwa watu wa reli.