Blanketi la viraka na tembre za baba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni kazi gani ya mikono unayoiahirisha, na muda wake unaumalizia wapi?" Yangu ni blanketi la viraka vya vikwembe. Nilimwahidi binti yangu alipokuwa na mimba. Mjukuu sasa anatembea. Juzi kavuta kitambaa cha meza, sahani zikamfuata.

Viraka ninavyo, mfuko mzima wa sementi, nimepewa na fundi wa kushona hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kinachonishinda ni kikwembe cha marehemu mama, kile cha kukaa katikati. Nikishika mkasi tu, nakumbuka bukari (ugali) haijasongwa, au makala (mkaa) yamekwisha.

Siku niliyokitoa sandukuni, chini yake nikakuta albamu ya tembre (wenzetu wa Tanzania husema stempu). Baba alikuwa akizikusanya, nami nikimsaidia mpaka nilipoolewa. Basi, blanketi likasahaulika hapo hapo. Zipo tembre za maua za Kongo ya Wabelgiji zilizogongwa neno KATANGA juu yake, za 1960, jimbo lilipojitenga. Zipo za makuta, pesa iliyoanza 1967. Kwenye moja muhuri bado unasomeka Elisabethville, jina la mji wetu hadi 1966.

Baba aliacha pia bahasha ambazo hakuwahi kuzibandua, nikaona nizimalize mimi. Unakata karatasi kuizunguka tembre, bila kugusa meno yake, unailoweka katika maji ya uvuguvugu. Usivute. Baada ya robo saa hivi gundi inalegea, tembre inateleza yenyewe. Bahasha ya rangi iloweke peke yake, na kwa maji baridi: mimi nilichanganya nyekundu na nyingine, tembre zangu tatu za Zaire zikatoka na uso wa waridi.

Zikikauka hujikunja, kwa hiyo zinataka kitabu kizito. Nikachukua atlasi yangu ya shule, ya wakati ule nchi, mto na pesa vyote vikiitwa Zaire. Nilikusudia kuifungua na kuifunga tu. Nikajikuta nafuata mto kwa kidole, kutoka Kisangani kushuka Mbandaka, kama mwalimu alivyotutuma, mpaka giza likaingia na umeme haupo.

Kabla ya kitabu lakini, lazima zilale kifudifudi juu ya kitambaa safi cha pamba kisichochuja rangi. Kikwembe cha mama kimefuliwa miaka mingi, hakichuji tena. Nikakipiga pasi ya makala, nikakitandika chini, nikazipanga tembre sitini na mbili juu yake.

Binti yangu akaingia na mtoto mgongoni. "Mama, hatimaye blanketi?" Nikamwambia apite pembeni, asikanyage.

Msomaji wenu, Lubumbashi