Mimea hai ya tangi la furu: anza na anubiasi, nyuma weka nyeusi

Mkuu, umeuliza mimea gani hai itadumu kwenye tangi lako la samaki la lita 120 hapo Nyegezi bila vifaa vya bei mbaya, na kama ubandike nyuma ile picha ya matumbawe uliyoonyeshwa dukani. Nafuga furu, hawa samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hapa Mwanza miaka mingi sasa, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaona kwenye matangi yangu.

Anza na samaki, mmea utafuata. Umesema unataka furu wa mawe. Hao huchimba mchanga, hasa dume anapoandaa uwanja wake, na ulichopanda jioni unakikuta kinaelea asubuhi. Tafuta mmea usiohitaji kupandwa chini kabisa. Chaguo langu la kwanza ni anubiasi, la pili java feni. Anubiasi asili yake ni vijito vya msituni vya Afrika Magharibi na Kati, penye kivuli, ndiyo maana taa ya kawaida inaitosha. Majani yake ni magumu, samaki wengi huyaonja na kuyaacha. Java feni inatoka Asia ya Kusini-Mashariki na matunzo yake ni yaleyale. Zote mbili zina shina nene lililolala, mfano wa tangawizi. Shina hilo halifukiwi! Ukilizika linaoza, majani yanadondoka moja moja, na mtu anadhani maji ya bomba ndiyo mabaya. Mizizi ikiingia mchangani si neno, mradi shina libaki juu.

Kwa mawe sisi wa Mwanza hatuna shida. Okota jiwe la granaiti lenye mikunjo, laza shina juu yake, lifunge kwa mshipi mwembamba kutoka duka lolote la zana za uvuvi. Usikaze mpaka ukate shina. Mizizi ikishalikumbatia jiwe, kata mshipi utoe. Granaiti haibadilishi maji. Kama una shaka na jiwe lolote, lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, nayo itapandisha ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake. Lisugue kwa brashi, limwagie maji ya moto, lakini usilichemshe sufuriani, maana unyevu uliojificha ndani unaweza kulipasua. Mawe makubwa yakae chini kabisa kabla hujamwaga mchanga, ili furu wakichimba yasiwaporomokee.

Kama unataka kijani cha haraka, ongeza honiwoti. Haina mizizi, inaelea tu, na inafyonza uchafu wa samaki kwenye maji kuliko anubiasi, ambayo hukua polepole sana. Siku za mwanzo itapukutisha majani yake membamba, yachote kwa kichungi yasizibe filta. Valisneria nayo ni nzuri na ngumu kufa, ila lazima ipandwe mchangani, kwa hiyo kwa furu wachimbaji siipendekezi.

Honiwoti na valisneria zinaota hata humu ziwani, na najua mtu atakwambia kachume ufukweni bure. Tafadhali usifanye hivyo. Kichocho kinapitia kwa konokono wanaoishi kwenye mimea ya maji ya kina kifupi, na huku kwetu kanda ya ziwa ugonjwa huu ni mkubwa. Mguu wako ukiwa majini tayari umejiweka hatarini, na jani ulilochuma linaweza kubeba konokono au mayai yao mpaka sebuleni. Magugu maji ndiyo kabisa usiyalete: ndani ya nyumba hayapati jua la kutosha, yanadhoofika na kuoza. Vilevile mabaki ya mimea ya tangi usiyatupe kwenye mtaro unaokwenda ziwani. Yaanike juani yakauke. Magugu maji yenyewe asili yake ni Amerika Kusini, na ziwa hili linahangaika nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 mpaka 8 kwa siku, isizidi. Anubiasi ikikaa kwenye mwanga mkali muda mrefu majani yake yanavaa mwani. Tangi lisikae dirishani panapopigwa na jua.

Sasa nyuma ya kioo. Picha ya matumbawe achana nayo. Matumbawe ni ya bahari, furu ni wa ziwa, na rangi za picha zinashindana na za samaki wako. Weka nyeusi tupu. Kijani cha anubiasi kinajitokeza, mabomba ya filta yanapotea machoni, na samaki wanatulia kwa sababu hawaoni watu wakipita nyuma. Ukifanikiwa kupata dume wa Pundamilia nyererei, furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, mgongo wake mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi utauona vizuri kabisa. Samaki huyo anaishi kwenye mawe ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza, na inaniuma kwamba wengi wetu hatumjui.

Mafundi wanaobandika stika kwenye bajaji watakukatia stika nyeusi isiyong'aa kwa vipimo vyako. Ibandike upande wa nje wa kioo, kwa maji ya sabuni, ukisukuma mapovu toka katikati. Manila nyeusi ni rahisi zaidi, ila ikilowa inajikunja. Ukuta wa kuchonga wa saruji ndani ya tangi sishauri kwa lita 120: unakula nafasi na saruji mbichi inavuruga maji.

Mimea ukiagiza Dar kwa basi, waambie waifunge kwenye gazeti bichi ndani ya kopo. Ikifika majani ya zamani yanaweza kufa. Bonyeza shina: likiwa gumu, subiri, litachipua. Likiwa laini na linanuka, kata mpaka ufikie sehemu ngumu. Ukishafunga mawe weka picha hapa, nione shina umelilaza vipi.