Pikipiki yalia tik tik tik: usikimbilie kuinyamazisha

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda, steji yangu ni Magongo, hapa Mombasa, na pikipiki ni Boxer 150 iliyoingia mwaka wa nne. Mwezi uliopita ilianza kulia tik tik tik juu ya injini. Fundi wa karibu na steji akafungua vifuniko, akakaza tapeti injini ikiwa bado ya moto, ikanyamaza kabisa. Nilifurahi. Sasa ni wiki ya pili, asubuhi napiga kiki mpaka jasho lanitoka, na nikipakia abiria kupanda kutoka Kibarani kwenda Changamwe yakosa nguvu. Nikiachia mafuta, ekzosi yapiga pa-pa. Fundi huyo asema tubadilishe pistoni na ringi, au kwa sasa nitie oili nzito. Mwengine aniambia ni cheni ya taimingi. Nimshike nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa za pistoni ziache mfukoni kwanza, na oili nzito usiitie. Kwa ulivyoeleza, sidhani injini yako imezeeka. Naona imekazwa tapeti (skrubu za kupangia nafasi ya vali) mpaka vali, ule mlango wa kupitisha hewa na moshi, haifungi. Kazi hii yaniletea pikipiki gereji karibu kila wiki, na zote zaja na hadithi moja: ilikuwa ikilia, ikanyamazishwa, mwenyewe akalipa akashukuru, kisha siku chache baadaye yaja ikisukumwa.

Kosa lenyewe ni kuamini kwamba injini nzima ni injini kimya. Watu wamefundishana hivyo stejini mpaka imekuwa kama dini. Kati ya roka, ule mkono mdogo unaoisukuma vali ifunguke, na ncha ya vali lazima pawe na nafasi. Kwa nyingi ya hizi injini ndogo zinazopozwa na upepo, nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na ya ekzosi ndiyo huachiwa zaidi. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha pikipiki yako. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo hapa twazungumzia nusu karatasi mpaka karatasi nzima. Roka inapovuka nafasi hiyo ikagusa vali, ule mgongano ndio tik. Injini ikinguruma kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, kamshafti, mhimili unaozisukuma roka, huzunguka nusu yake, mara 700, na kila vali hugongwa kama mara 12 kwa sekunde. Ni sauti ndogo, kavu, ya kwenda sawa, kama cherehani ya nyumba ya pili. Ikiwa hivyo, si ugonjwa. Ikiongezeka kuliko ulivyoizoea, hapo ndipo hupimwa, na kupima si kukaza.

Tazama kinachotokea nafasi hiyo ikizibwa. Vali ya ekzosi ndiyo inayopitiwa na moshi wa moto kuliko kitu chochote ndani ya hedi, yaani kichwa cha silinda. Nafuu yake kubwa ni ule muda inapokaa juu ya kiti chake, ambapo joto lake huhamia kwenye hedi na kutoka nje kwa mapezi. Ukiikaza ikakosa nafasi, ikipata moto yarefuka, na ikirefuka haikai tena. Yabaki wazi upenyo kama wa unywele. Moto wa kila mlipuko wapita hapo hapo na kuula ukingo. Mbano wa silinda wapungua, kiki yawa nyepesi, kuwaka asubuhi kwawa shida, mlima waishinda, na ekzosi yaanza kupiga hiyo pa-pa uliyoitaja. Na muda wote huo hailii hata mara moja, maana roka na vali zimeshikana, hakuna cha kugongana. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Juzi nilitoa vali moja ya namna hii, nikampa mwenyewe aishike. Uso wa vali ulikuwa wa kijivu, mviringo mzuri kabisa, ila upande mmoja ukingo umeliwa kama mofa iliyomegwa. Ukipitisha kidole wakwama pale. Mwenyewe alikuwa ameshanunua pistoni mpya na ringi mpya, zikafungwa, na pikipiki isiwake, kwa sababu hakuna aliyeitazama vali.

Kwa hiyo fanya hivi. Ilale usiku kucha, usiiwashe asubuhi. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, kwa sababu vipimo vya kitabu ni vya injini baridi. Aliyekukazia ikiwa ya moto alipima kitu ambacho hakipo. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi, fungua vifuniko vya tapeti na vile vizibo viwili vya upande wa magineto, kisha zungusha mpaka alama ya T (ya pistoni kufika juu kabisa) ikae sawa na alama ya kwenye kava. Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zikicheza kidogo, uko mahali pake. Roka zikiwa zimekaza pale kwenye T, huenda uko kwenye mzunguko usio wake. Ongeza mzunguko mmoja kamili, ujaribu tena. Kama na huko bado ya ekzosi imekaza kama jiwe, basi umeshapata jibu lako bila kununua chochote.

Kipimo ni fila, ule ukanda mwembamba wa chuma ulioandikwa unene wake, si kingine. Nimeona mtu akipima kwa kipande cha kadi ya simu ya kukwangua, na nimeona wengi wanaopima kwa kidole na kusema «hapo sawa». Hakuna kidole cha binadamu kinachotofautisha 0.05 na 0.10. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta noti iliyobanwa katikati ya kitabu. Ukikaza nati, ishike skrubu isizunguke nayo, kisha upime tena, kwa sababu mara nyingi nati ikikazwa huivuta skrubu na kipimo chabadilika. Nati ikiachwa legevu nayo, tik yarudi baada ya safari mbili, na hapo ndipo mtu hukasirika akasema kaza sana.

Kuna jambo moja hata mafundi wazuri hupitiwa nalo. Ncha ya skrubu ya tapeti ikitumika miaka mingi huchimbika katikati. Fila ni bapa, yalala juu ya kingo za shimo na kukuonyesha kipimo sahihi, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Wapima sawa, wafunga, yalia vile vile. Ukiona hivyo toa skrubu uitazame ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa na shimo, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo, na kimewafanya wengi wakaze vali bila sababu.

Ukishaweka sawa, rudisha plagi upige kiki. Ikishika nzito na ikawaka, umeiwahi, endelea na kazi. Ikibaki nyepesi, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi, piga kiki mara chache ndipo upime mbano. Mbano ukipanda, ringi ndizo zilizochoka. Ukibaki pale pale, ni vali. Hedi ishuke, na kabla ya kufungua vali mimina petroli kidogo kwenye tundu la ekzosi; ikichuruzika kutoka kwenye kiti, mwenye makosa umemwona. Ukingo ukiwa haujaliwa, vali husagwa kwa dawa ya kusagia mpaka mkanda wa kijivu uzunguke bila kukatika. Ukiwa umeliwa, nunua vali mpya, na kiti chake kichongwe. Sili za vali na gaskiti ya hedi weka mpya, usikubali za zamani zirudishwe.

Ama hiyo cheni ya taimingi, sauti yake si tik. Ni mchakacho, chaka chaka ubavuni mwa silinda, na huzidi unapoachia mafuta ghafla. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iweke kwenye hedi na mpini uegemeze mfupa ulio mbele ya sikio, kisha shuka polepole mpaka kwenye kava za injini. Mahali sauti inapokuwa kali utapajua bila kuambiwa.

Na sisi watu wa pwani tuna yetu. Hewa ya chumvi hula bolti za ekzosi pale inapoingia kwenye hedi. Zikilegea, moshi hupenya kwenye gaskiti na kutoa tik kali sana, hasa injini ikiwa baridi, kisha hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Tafuta masizi meusi kwenye shingo ya ekzosi. Au paka povu la sabuni kabla ya kuwasha, halafu uwashe utazame linavyopasuka. Nimekutana na pikipiki zilizokazwa tapeti mara tatu, na kumbe ni bolti iliyooza. Kama sauti yaja tu ukiwa na mzigo mlimani, kama punje zikitikiswa ndani ya mkebe, hiyo ni petroli mbaya au hedi iliyojaa masizi. Tik chache baada ya kuzima ni ekzosi inapoa, ziache. Lakini ukisikia ko, ko, ko nzito kutoka chini, zima hapo hapo uisukume.

Sasa hiyo oili nzito. Roka ziko juu kabisa ya injini, na oili huzifikia mwisho. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, asubuhi yachelewa kupanda, na kwa muda huo chuma chasagana na chuma. Sauti yafifia kwa sababu oili imeifunika, na chini yake kamshafti yaliwa. Nimekuta mpaka oili ya gia ya lori ndani ya pikipiki! Hizi zetu oili ya injini ndiyo inayoosha klachi pia, ndiyo maana chupa lazima iwe na alama ya JASO MA au MA2, ya oili ifaayo klachi ya namna hii. Nyingi za kazi hapa zatumia oili ya uzito wa 20W-50. Tia ya kitabu, ipime pikipiki ikiwa imesimama wima, na uimwage kwa wakati. Mwenye kukaa kwenye foleni ya feri Likoni injini ikinguruma, bila upepo wa kuipoza, asingoje siku za mwisho.

Wanaonisikitisha zaidi ni vijana wanaokopa kwenye chama wakanunua pikipiki iliyotumika. Muuzaji mwenye hila ajua mnunuzi asikiliza nini. Akaza tapeti, atia oili nzito, aiwasha kabla hujafika, na wewe waikuta imepashwa moto, kimya, tamu. Mwezi mmoja baadaye hedi iko mezani na deni bado lipo. Usiisikilize kwanza, iguse. Mkono wako ukikuta injini ina joto, usiulize bei wala usipande kuijaribu. Mwambie utarudi kesho alfajiri, na asiiwashe mpaka uwe umesimama mbele yake.