Kikulacho ki nguoni: inchi mbili zimekwenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za Kisumu? Nafundisha kikundi cha akina mama ushonaji hapa Kakamega. Tulikata miraba tisa ya vitenge, kila mmoja inchi 4 kwa 4, tuunge mraba mkubwa wa inchi 12. Tulipomaliza, futi ikasoma inchi 10. Tulikosea wapi? Pia, nitumie maneno gani ya Kiswahili? Kila nikisema kiraka wananicheka.

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Hamkukosea kukata. Geuza kazi uangalie mgongo wake, inchi mbili zimo humo. Mmeshona nusu inchi kutoka ukingoni, kama mnavyoshona rinda. Nusu huku, nusu kule: mshono mmoja umekula inchi nzima, na safu ya miraba mitatu ina mishono miwili. Mkiunga huo mraba na jirani zake utaliwa tena pembeni, ubaki inchi 9.

Kazi ya vipande hushonwa kwa robo inchi. Ukitaka kila mraba uonekane inchi 4, ukate inchi 4 na nusu. Mraba mkubwa ukikamilika, kabla haujaungwa na mwingine, futi itasoma 12 na nusu. Msiipunguze hiyo nusu! Ndiyo itakayoliwa baadaye. Mkitaka kubaki na nusu inchi yenu ya rinda, kateni 5, lakini kitambaa kitaenda kingi na mgongo utakuwa mnene.

Sehemu inayoliwa mafundi wengi huiita alawansi. Nimewahi kusikia mtu akiiita posho ya mshono. Kwetu huku Magharibi ukitaja posho, watu watanawa mikono.

Sasa kuhusu kiraka. Akina mama wana haki ya kucheka, kwani kiraka ni cha kuziba suruali iliyochanika. Mimi huligawa neno hivi: vikiungwa ubavu kwa ubavu ni vipande, kikiwekwa juu ya kitambaa kingine na kushonwa kingo zake, hicho ndicho kiraka, hata kiwe ua zuri namna gani. Uso wa vipande ukiwekewa pamba katikati na bitana chini, tabaka zote tatu zikashonwa pamoja, umepata mfarishi. Ni neno la zamani, vijana husema kwilti. Kwa joto la Kisumu mimi huweka blanketi kuukuu jepesi badala ya pamba. Tabaka zikishikizwa kwa muda kwa mishono mirefu, hapo tumepiga bandi. Kazi ikiisha uzi huo unafumuliwa.

Karatasi nayo ina nafasi yake, na wanafunzi wasio na cherehani wataipenda. Kata vigezo vya pembe sita vinavyolingana kabisa, kunja kitambaa juu ya kila kigezo, piga bandi, kisha unga kingo kwa mkono kwa mishono midogo. Mwisho unatoa karatasi. Uingereza kuna mifarishi ya kale ambayo karatasi haikutolewa. Ndani mna vipande vya barua na magazeti, na watafiti huvisoma ili kukadiria umri wa kazi. Huko Hawaii wao hukikunja kitambaa chenyewe mara tatu, kama mtoto anayekata nakshi ya karatasi, wakakata mara moja. Wakikikunjua wana ua lenye sehemu nane zinazofanana, nalo hushonwa kama kiraka kimoja kikubwa.

Kwa vigezo vya pembe sita, karatasi ya ndani ya daftari ni laini mno, hujikunja sindano ikiigusa. Tumieni majalada ya madaftari yaliyokwisha. Na kabla ya yote, sugueni kila kitenge kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoa rangi, kifueni peke yake hadi maji yatoke meupe, la sivyo kisiingie kwenye kazi.