Maswali ya Wasomaji: Umri wa kustaafu umesogezwa mbele, miili yetu je?

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani ambao wamebakiza miaka michache kustaafu.

SWALI: Nimezaliwa 1964, nafanya kazi ghalani hapa Columbus, Ohio. Mzee tuliyemkuta kazini, wa 1937, alistaafu na miaka 65 akiwa bado anabeba mizigo. Sisi wa miaka 60 magoti yamekwisha. Vijana wanasema ni kulalamika tu. Je, ni kweli tumechoka kuliko waliotutangulia?

JIBU: Kaka, si kulalamika. Chuo Kikuu cha Michigan kina utafiti ulioanza 1992, unaowahoji Wamarekani wenye zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Makundi mapya huongezwa kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo inawezekana kulinganisha watu wa umri mmoja waliozaliwa nyakati tofauti. Beth Soldo, Olivia Mitchell na wenzao walifanya hivyo kwa watu wa miaka 51 hadi 56: waliozaliwa 1936–1941, wakahojiwa 1992, waliozaliwa 1942–1947, wakahojiwa 1998, na waliozaliwa 1948–1953, wakahojiwa 2004. Kundi la mwisho ndilo lililoeleza afya mbaya zaidi, maumivu mengi zaidi na shida zaidi katika shughuli za kila siku.

Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Unaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika? Kuinuka kitini baada ya kukaa muda mrefu? Kuchuchumaa au kupiga magoti? Kuinua mikono juu ya mabega? Kubeba kitu cha zaidi ya paundi 10, yaani kama kilo 4.5? Kuokota sarafu ndogo iliyolala mezani? Mtu wa ghalani anayeshindwa matatu kati ya hayo kazi yake iko hatarini, hata kama hana ugonjwa wenye jina.

Mwaka 2017, HwaJung Choi na Robert Schoeni wa Michigan waliyapanga makundi kwa umri wa kustaafu waliowekewa na sheria. Waliopangiwa kungoja zaidi ndio waliofika mwishoni mwa miaka ya hamsini wakiwa na shida zaidi za mwili. Hapo ndipo penye uchungu. Sheria ya 1983 iliacha umri wa pensheni kamili kuwa miaka 65 kwa waliozaliwa 1937 na kurudi nyuma, ikafikisha 66 kwa waliozaliwa 1943 hadi 1954, na 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea. Hoja ilikuwa kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi. Lakini kuishi ni jambo moja na kuweza kazi ni jingine. Kwa wazee wa zaidi ya miaka 65, ulemavu ulipungua kweli katika miaka ya 1980 na 1990. Waliokuwa wakija nyuma yao hawakuifuata njia hiyo.

Kuna pingamizi la haki: huenda magonjwa yanagunduliwa zaidi tu. Kwa kisukari lina uzito, kwa sababu mwaka 1997 kiwango cha sukari kabla ya kula kinachohesabiwa kuwa ugonjwa kilishushwa kutoka 140 hadi 126, na watu wengi wakaingia orodhani bila miili yao kubadilika. Ila ngazi za nyumbani kwako hazikubadilishiwa kiwango na mtu yeyote.

Sababu ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni uzito wa mwili: kila paundi moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama paundi nne kwa kila hatua, na ukiongezeka hesabu inageuka. Kisukari hufuata, na pamoja nacho ganzi ya miguu na macho kufifia. Halafu maumivu ya muda mrefu, ambayo Anne Case, Angus Deaton na Arthur Stone walionyesha mwaka 2020 kwamba yameongezeka kizazi baada ya kizazi kwa Wamarekani wasio na shahada ya chuo. Mwenye shahada na kazi ya mezani anaweza kufika 67 bila shida kubwa. Miaka miwili iliyoongezwa inamlemea mpakuaji wa makontena na mnyanyua wagonjwa, na kwa maoni yetu hilo ni kosa la sheria yenyewe.

SWALI: Nina miaka 61, natunza wazee majumbani hapa Minneapolis. Kila nikienda kliniki naambiwa vipimo viko sawa, lakini mimi najijua sivyo. Nitajipimaje?

JIBU: Mama, vipimo vya damu havipimi nguvu za miguu. Tafuta kiti kisicho na mikono, chenye mgongo ulionyooka, kimo cha kukalia kama sentimita 43, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa katikati ya kiti, nyayo sakafuni, mikono uipishanishe kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Mtu mwingine ashike saa. Inuka mpaka usimame wima, kaa tena, rudia kwa sekunde 30. Muda ukiisha ukiwa umeshavuka nusu ya kuinuka, hiyo nayo inahesabiwa. Ukilazimika kujisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri. Kwa umri wa 60 hadi 64, mwanamke aliye chini ya mara 12 na mwanamume aliye chini ya 14 wamepungukiwa, na hatari yao ya kuanguka ni kubwa zaidi. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha papo hapo.

Ikiwa uko chini, mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi la kuanzia ni hilohilo la kuinuka kitini: mara 8 hadi 12, upumzike, urudie, angalau siku mbili kwa wiki. Goti likiuma, inua kimo kwa mto mgumu. Wengi hukosea kwa kujitupa kitini wakati wa kukaa. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Kazini, kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, kwa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono ni paundi 35, sawa na kilo 16, tena katika mazingira mazuri. Hakuna mtu mzima mwenye uzito huo, kwa hiyo dai winchi au mwenzako wa kusaidiana.

Na kliniki usijibu "sijambo". Wengi wetu tumelelewa kujibu hivyo hata tukiwa hoi, na ndicho kinachoandikwa kwenye faili. Badala ya "mgongo unaniuma", sema: "Nikisimama dakika 20, mguu wa kushoto unakufa ganzi, lazima nikae dakika 10." Omba iandikwe hivyo hivyo. Jibu linalofuata linaonyesha kwa nini.

SWALI: Niko Dallas, nimetimiza miaka 62, mgongo umekataa. Rafiki zangu wanasema nichukue pensheni ya mapema ya Social Security nipumzike. Nifanye hivyo?

JIBU: Usisaini kabla ya kupima njia ya pili, yaani mafao ya ulemavu ya hiyohiyo Social Security. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, kuanza pensheni akiwa na 62 kunakata asilimia 30 ya malipo ya kila mwezi, na makato hayo hayaishi ukifika 67. Waliozaliwa 1937 walikatwa asilimia 20 kwa kuanza umri huohuo. Mafao ya ulemavu, kwa upande mwingine, hulipwa kwa kiwango cha pensheni kamili, na ukifika 67 hugeuka pensheni bila kupungua. Unaweza kuomba yote mawili kwa pamoja usikae njaa wakati wa kungoja, lakini miezi ya pensheni ya mapema uliyopokea kabla haki ya ulemavu haijaanza itabaki na makato yake.

Masharti ya mafao ya ulemavu: hali iwe imedumu au itarajiwe kudumu miezi 12 au zaidi, au iwe ya kuishia kifo. Uwe na krediti 40, yaani alama unazojipatia kwa kazi inayokatwa michango ya Social Security, na 20 kati yake ziwe za miaka 10 ya mwisho kabla ya ulemavu kuanza. Mwaka mmoja hautoi zaidi ya krediti 4. Hapa ndipo wengi wanapopotea: mtu anaacha kazi, anakaa kwa watoto akivumilia, na baada ya kama miaka mitano kinga ya bima hiyo ya ulemavu inakatika. Akija kuomba, lazima athibitishe alikuwa mlemavu tangu wakati ule, bila karatasi hata moja ya daktari. Tena malipo ya nyuma hayavuki miezi 12 kabla ya tarehe ya ombi.

Umri wako unakusaidia. Kuanzia 55, sheria inakiri kwamba ni vigumu kuhamia kazi mpya. Ikiwa kazi zako za miaka 5 iliyopita zilikuwa nzito, huna ujuzi unaohamishika, na sasa unaweza kazi nyepesi tu, yaani kunyanyua paundi 20 mara chache na 10 mara kwa mara, unaweza kukubaliwa. Kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena tangu 2020, ila mkalimani ni haki yako bila malipo.

Kwenye fomu ya shughuli za kila siku, SSA-3373, usiandike "napika". Andika unapika nini, kwa muda gani, unakaa mara ngapi, nani anainua sufuria. Neno moja tupu husomwa kuwa unaweza. Ukikataliwa, kata rufaa ndani ya siku 60. Kuanza ombi upya badala ya rufaa hupoteza tarehe yako ya mwanzo na fedha zinazoambatana nayo. Ukikubaliwa, miezi mitano ya kwanza tangu ulemavu kuanza hailipwi, na Medicare, bima ya afya ya serikali, huja baada ya miezi 24 ya kustahili mafao.

SWALI: Nilifundisha Kenya miaka 18 kabla ya kuhamia huku. Miaka hiyo inahesabiwa?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na Kenya, wala na Tanzania. Utahitaji krediti 40 za huku, ambazo ni miaka 10 ya kazi. Pensheni yako ya Kenya inabaki yako, na tangu kufutwa Januari 2025 kwa kanuni iliyowakata wenye pensheni za namna hiyo, haipunguzi tena unachopata Social Security. Kama uliwahi kukatwa kwa ajili yake, wapigie uulize marekebisho, kwa sababu yanaanzia malipo ya Januari 2024.